Kipimo Kwanza, Spana Baadaye

Mziba pancha aketiye kando ya barabara na beseni lake la maji hufanya kila siku jaribio la kisayansi ambalo aghalabu halitambuliwi kuwa ni la kisayansi. Aletewapo baiskeli yenye tairi lililolala, hapaki gundi mahali popote kwa kukisia. Kwanza huujaza mpira upepo, kisha huuzamisha majini sehemu baada ya sehemu, akitazama mapovu yatokayo. Mapovu humwonyesha tundu. Ndipo achukuapo msasa na gundi. Akisha kuziba, huuzamisha tena ili ahakikishe.

Ni jambo la kushangaza kwamba utaratibu huu ulio wazi husahaulika mara tu kifaa kinapokuwa kikubwa na cha gharama. Injini inapopoteza maji, mara nyingi hatua ya kwanza ni kununua kipuri, na hatua ya pili ni kununua kipuri kingine. Makala haya yanadai kwamba tabia hiyo si upungufu wa ufundi peke yake, bali ni upungufu wa elimu ya sayansi, na kwamba shule za sekondari zina wajibu wa kuirekebisha.

Mfano utakaotumika umetoka mbali: ni injini ya pikipiki ya theluji, chombo cha Kanada na nchi nyingine za baridi, iliyofumuliwa na kuundwa upya, kisha ikaanza kupoteza maji yake ya kupozea. Mfano wa mbali umechaguliwa kwa makusudi. Msomaji asiyekizoea kifaa hawezi kukisia kwa mazoea. Hana budi kufikiri.

Chombo cha nchi ya baridi

Pikipiki ya theluji hubeba mtu mmoja au wawili. Mbele ina skii mbili zinazoelekezwa kwa usukani, na nyuma husukumwa na mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini ya kiti. Mmoja wa waasisi wa vyombo vya namna hii alikuwa Joseph-Armand Bombardier, makanika wa Valcourt katika jimbo la Quebec, aliyezaliwa mwaka 1907. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo aliugua tumbo, akafariki kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda, uliotumika katika gari la theluji la kuchukua watu saba. Pikipiki ndogo iitwayo Ski-Doo ilifuata mwaka 1959.

Historia hiyo yaonyesha kwamba chombo hiki, ingawa leo chatumika sana kwa michezo, kilizaliwa kwa haja ya kuokoa uhai. Hata sasa, kwa mwindaji wa kaskazini ya Kanada, injini inayozimika kilomita nyingi kutoka kijijini, katika baridi ya nyuzi 30 za sentigredi chini ya sifuri, si usumbufu tu. Yaweza kuwa mauti.

Injini nyingi za vyombo hivi hupozwa kwa maji. Lakini aghalabu hakuna rejeta kubwa yenye feni kama ile ya lori. Maji hupitishwa katika mabomba bapa ya alumini yaliyowekwa chini ya kiti, na mkanda unapozunguka huyarushia theluji. Theluji huyeyuka, na katika kuyeyuka kwake huchukua joto. Ndiyo maana chombo kikipita juu ya barafu tupu isiyo na theluji laini, injini yaweza kuchemka ilhali dereva anatetemeka kwa baridi.

Maji matupu hayafai kwa kazi hiyo. Yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, na mtanuko huo huweza kupasua chuma. Kwa hiyo huchanganywa na kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huanza kuganda kwenye takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. La ajabu ni kwamba glaikoli peke yake huganda kwenye takriban nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Mchanganyiko hustahimili baridi kuliko kila kimoja peke yake. Kemikali hii ni sumu, nayo ina ladha tamu. Fundi mwangalifu haiachi sakafuni, ambapo mtoto au mbwa aweza kuilamba.

Maji yamekwenda wapi?

Na ichukuliwe kwamba fundi ameifumua injini yenye silinda mbili, akabadilisha pistoni na gasketi, akaiunganisha tena, akajaza maji na kuiwasha. Asubuhi ya pili anakuta maji katika tangi yamepungua kwa ujazo wa vikombe viwili. Afanye nini?

Jibu la kwanza halimo katika sanduku la spana bali katika kemia ya kidato cha kwanza. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Lavoisier alichapisha kitabu chake cha misingi ya kemia, ambamo alishikilia kwamba maada haiumbwi wala haipotei katika mabadiliko ya kikemia. Maji ya injini nayo yana sheria hiyo hiyo. Hayawezi kutoweka, lazima yawe mahali fulani. Katika injini hii mahali penyewe ni panne tu.

Kwanza, huenda maji hayakutoka kabisa. Injini iliyofumuliwa huwa imejaa hewa katika njia zake za maji. Maji mapya yanapomiminwa, sehemu ya hewa hunaswa katika kona za juu. Injini inapofanya kazi hewa hiyo husogea na kutoka, maji huchukua nafasi yake, na kina cha tangi hushuka. Hapo hakuna kuvuja.

Pili, huenda maji yanatoka nje: katika mipira na vibano vyake, katika skrubu ya kumwagia maji, katika mabomba yaliyo chini ya kiti, au katika pampu ya maji.

Tatu, huenda yanaingia ndani ya silinda, kwa kupita kwenye gasketi au pete za mpira zilizo chini ya kichwa cha silinda. Humo huwa mvuke na kutoka kwa eksozi kama moshi mweupe wenye harufu tamu.

Nne, huenda yanateremka katika kasha la krenki, au katika mafuta yaliyo karibu na pampu. Hatari hii ni kubwa kuliko zote. Injini nyingi za vyombo hivi ni za mipigo miwili, ambazo petroli na hewa hupita kwanza ndani ya kasha la krenki kabla ya kupanda katika silinda, na mafuta ya kulainisha husafiri pamoja navyo. Maji yakiingia humo huyaosha mafuta hayo, na beringi hukwanguka upesi.

Orodha hiyo ni fupi, lakini tayari imefanya kazi kubwa. Imegeuza malalamiko, yaani "injini inakula maji", kuwa maswali manne yanayoweza kujibiwa.

Kuihoji injini

Maswali hayo hayana budi kuulizwa kwa mpango, na mpango ulio bora ni ule unaoanza na jaribio rahisi lisilofungua kitu.

Hewa iliyonaswa hutolewa kwa kukiinua chombo ili tundu la kutolea hewa liwe juu kabisa ya mzunguko wa maji, kuiacha injini ipate joto, kisha ipoe kabla ya kuongeza maji. Maji yanayoongezwa yapimwe, na kina chake kiwekewe alama ya penseli kwenye tangi. Siku ya pili, kama alama haijashuka, shauri limekwisha. Ni mafundi wangapi wangekuwa wamekwisha kukifungua kichwa cha silinda?

Kama alama imeshuka, lifuatalo ni jaribio la mziba pancha kwa umbo jingine. Injini ikiwa baridi, pampu ndogo ya mkono yenye geji hufungwa mahali pa kifuniko cha maji, na shinikizo hupandishwa hadi takriban kilopaskali 100, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko. Mfumo ulio mzima hulishika shinikizo hilo. Mshale wa geji ukishuka, kuna tundu. Wakati huo fundi hukausha kila kiungo na kukizungushia karatasi nyeupe, atazame wapi patalowa.

Kwenye pampu ya maji kuna jambo la kuzingatiwa. Injini nyingi zina sili mbili kwenye mtaimbo wa pampu, moja ya kuzuia maji na nyingine ya kuzuia mafuta, na katikati yao pana tundu dogo lielekealo nje. Likitoa maji, sili ya maji imekufa. Likitoa mafuta, imekufa ya pili. Mtu asiyejua kazi ya tundu hilo aweza kulidhania kuwa ndilo kosa lenyewe, akaliziba. Akifanya hivyo hakuzuia kuvuja. Amemnyamazisha shahidi, na maji yatatafuta njia ya kuingia ndani.

Kama geji inashuka lakini karatasi zote ni kavu, maji yanaingia ndani. Plagi zinafunguliwa, na injini inazungushwa kwa mkono huku shinikizo likiwapo. Tundu la plagi litakalorusha maji laonyesha silinda yenye kosa. Aghalabu kichwa cha pistoni cha silinda hiyo huwa kimeoshwa kikawa cheupe, ilhali mwenzake una masizi.

Kama silinda nazo ni kavu, limebaki kasha la krenki. Milango ya kuingizia hewa na ya eksozi huzibwa, na kasha hujazwa hewa kwa shinikizo dogo, takriban kilopaskali 40. Yakionekana mapovu katika tangi la maji, hakuna shaka tena: pana njia baina ya kasha na maji.

Msomaji atazame umbo la mpango huu. Kila jaribio liliwekwa ili liweze kujibu "hapana", na kila jibu liliondoa kundi zima la watuhumiwa. Jaribio lisiloweza kujibu "hapana" si jaribio. Ni ibada ya kujiridhisha.

Baridi na joto hazitoi ushahidi mmoja

Kuna injini ambayo hushika shinikizo barazani na kuvuja safarini. Fizikia yaeleza sababu. Alumini hutanuka kwa takriban sehemu 23 katika milioni kwa kila uzi mmoja wa joto; feleji ya kawaida hutanuka kidogo kuliko hivyo, kwa takriban sehemu 12 tu. Injini inayotoka nyuzi 30 chini ya sifuri ikafika nyuzi 90 imepanda nyuzi 120. Katika urefu wa milimita 100, alumini itakuwa imeongezeka kwa takriban milimita 0.28, na feleji kwa milimita 0.14. Bolti ya feleji iliyofunga kichwa cha alumini haibani kwa nguvu ile ile katika hali hizo mbili. Gasketi iliyokazwa vibaya yaweza kushika moto na kuachia baridi.

Mpira nao hubadilika. Ukipoa sana hugeuka mgumu na kuchelewa kurudia umbo lake. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilivunjika sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu 7 waliokuwamo wakafa. Kilirushwa asubuhi ya baridi, na pete za mpira katika kiungo cha roketi hazikuziba. Usiku uliotangulia wahandisi walikuwa wametoa onyo juu ya baridi hiyo, wala halikufuatwa. Katika tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira wa namna hiyo, akakibana kwa kibano kidogo, akakitia katika glasi ya maji ya barafu. Alipokifungua, mpira haukurudia umbo lake papo hapo. Glasi moja ya maji ilisema waziwazi jambo ambalo mikutano ya wakubwa ilikuwa imelikwepa.

Mtuhumiwa ni mkono uliotengeneza

Hapa ndipo injini iliyoundwa upya inapotofautiana na injini iliyochakaa. Katika injini iliyochakaa, kosa huenda limeletwa na umri. Katika injini iliyotoka mezani jana, kosa kwa kawaida limeletwa na mkono wa jana: pete ya mpira iliyobanwa nje ya mfereji wake, gasketi iliyopinduliwa, uso wa alumini uliokwanguliwa kwa bisibisi, bolti zilizokazwa bila kufuata mpangilio wa kutoka katikati kwenda pembeni, au tundu la bolti lililobaki na uchafu hata spana ya kipimo ikadanganya. Kanuni basi ni hii: kilichoguswa mwisho kihojiwe kwanza.

Kanuni hiyo ni nyepesi kwa kalamu, nzito kwa moyo. Mwenye kutafuta kosa ndiye pia aliyelifanya. Kununua pampu mpya humtuliza, kwa sababu huhamisha lawama kutoka mkononi mwake hadi kiwandani. Na akibadilisha pampu, gasketi na mipira kwa mara moja, hata kuvuja kukikoma hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Injini itakuwa imepona, lakini ujuzi hautakuwa umeongezeka hata kidogo, na fedha za watu zitakuwa zimeteketea.

Thamani kuu ya kipimo ni kwamba hakimstahi mtu. Mshale wa geji haujui ni nani aliyekaza bolti, wala ana vyeti vingapi. Kwa sababu hiyo binadamu wamehitaji sayansi: si kwa kuwa ni wajinga, bali kwa kuwa wanazipenda kazi za mikono yao.

Watakuwapo watakaopinga. Watasema kwamba fundi mkongwe husikiliza tu mlio wa injini akajua ugonjwa wake. Hilo ni kweli mara nyingi, wala si la kudharauliwa. Sikio hilo ni kumbukumbu ya vipimo vya miaka mingi. Lakini mkongwe aliye hodari hulitumia sikio lake kuchagua jaribio la kwanza, si kulikwepa. Wengine watasema kwamba vipimo vina gharama. Penseli, karatasi nyeupe na beseni gharama yake ni ndogo kuliko ya gasketi moja isiyohitajika.

Wajibu wa shule

Ni vyema sasa kuitazama maabara ya shule. Jaribio la kawaida hutolewa pamoja na jibu lake. Mwanafunzi anajua kabla ya kuanza ni tarakimu gani inayotakiwa, na akipata nyingine huipika hadi ifanane na ya kitabuni. Hivyo, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya kufundisha ukweli, kijana hufundishwa kwamba kosa ni la kufichwa. Baadaye akishika spana atakificha kile kile.

Tiba yake yawezekana bila vifaa vya kigeni. Mwalimu aunganishe chupa tatu za plastiki kwa mipira myembamba, azijaze maji hadi nusu, na atoboe kwa sindano mahali pamoja ambapo wanafunzi hawapajui. Kundi moja apewe mfumo usio na tundu lolote, bila kuambiwa. Bomba jeupe lililokunjwa kwa umbo la herufi U na kutiwa maji litakuwa geji: tofauti ya mita moja ya maji baina ya pande zake mbili ni takriban kilopaskali 9.8. Pampu ya baiskeli, ikisukumwa polepole, itatosha kwa shinikizo dogo kama hilo.

Kabla ya kugusa kitu, kila mwanafunzi aandike mambo matatu: anadhani tundu liko wapi, atafanya jaribio gani, na ni matokeo gani yatakayomwonyesha kwamba amekosea. Abadilishe kitu kimoja kwa mara moja. Alama zitolewe kwa mpango na kwa uaminifu wa daftari, si kwa kulipata tundu peke yake. Mwanafunzi aliyeandika "nilidhani ni chupa ya pili, nilipima, sivyo" apate alama kamili kwa hatua hiyo. Na kundi lenye mfumo mzima likithubutu kutamka kwamba hakuna tundu, lipongezwe mbele ya darasa, kwani limeushinda mtego ule ule wa hewa iliyonaswa katika injini.

Utengano wa zamani baina ya sayansi, ambayo ni ya kalamu, na ufundi, ambao ni wa mikono, umewadhuru wote wawili. Umemnyima fundi njia ya kufikiri, na umemnyima mwanasayansi kifaa cha kufikiria. Injini inayovuja haitambui mpaka huo. Yahitaji mkono unaojua kukaza bolti, na akili iliyo tayari kukiri kwamba bolti ilikazwa vibaya.

Yule fundi wa kule kwenye theluji akifuata mpango huo, huenda mwishowe akakuta pete moja ya mpira iliyobanwa ukingoni siku alipokuwa na haraka. Ataiweka mpya, atakaza bolti kwa mpangilio, na kabla hajakirudisha chombo kwa mwenyewe atapandisha shinikizo tena na kuutazama mshale, kama vile mziba pancha auzamishavyo tena mpira wake katika beseni.